Aliyebaki Kwenye Picha

Mtaani walimwita Flashi, na hakuna kilichomkera zaidi, kwa sababu katika maisha yake yote ya upigaji picha hakuwahi kuipenda flashi. Alisema inawafanya watu wazima waonekane kama wamekutwa jikoni kwa jirani wanafunua sufuria. Yeye alitaka mwanga wa dirishani, mwanga wa asubuhi, mwanga usiomshtua mtu. Lakini jina likishakuganda limekuganda, na hata mumewe akitaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Naye alikuwa na jina lake, Fundi Baridi, na lilimkaa vizuri tu, maana alikuwa mtu wa taratibu. Ukimwita kwa dharura alikuja akitembea, akalisikiliza jokofu kwanza, akaligusa mgongoni, ndipo akafungua mfuko wa vifaa. Nyumbani mke aliongea, mume akaitikia, na ndoa ikaenda hivyo miaka mingi bila kumchosha mtu. Watoto walishakuwa wakubwa na kuhamia kwao, nyumba ikabaki na watu wawili na kompyuta.

Studio ilikuwa chumba cha mbele. Kulikuwa na kigoda cha picha za pasipoti, shuka jeupe ukutani, na hiyo kompyuta, ambayo Flashi aliifunika kitambaa kila ilipozimwa utadhani ni mtoto mchanga. Kazi zake zilikuwa harusi, mahafali, na picha za marehemu. Hizi za mwisho ndizo zilizohitaji mkono mwepesi. Watu hufa bila kuacha picha nzuri ya peke yao, hivyo ndugu humletea picha ya harusi yenye watu chungu nzima na kumwambia, huyu wa katikati, tutolee. Flashi aliwafuta waliomzunguka mmoja mmoja, akajaza mabega yaliyokatika, akampa marehemu ukuta safi nyuma yake. Aliifanya kazi hiyo kwa shemeji yake pia, kaka mkubwa wa mumewe, aliyeingia hospitali kwa miguu yake akilalamika koo na kutolewa amebebwa. Bega alilolifuta katika picha ile lilikuwa la Fundi Baridi mwenyewe, kwa sababu ndugu wale walikuwa wamesimama wamekumbatiana.

Kazi ya jengo jipya ilimwangukia bila kuitafuta. Hospitali ilikuwa imejengewa jengo la wagonjwa wa nje, ghorofa juu ya ghorofa, upande wa mbele wote vioo, na juu ya mlango kipaa kipana cha zege kilichochomoza bila nguzo hata moja, kiasi kwamba watu wakipita chini yake walishusha kichwa kidogo bila kujijua. Mbele yake kulikuwa na uwanja wa vigae na benchi refu la zege. Msimamizi wa jengo alitaka picha moja kubwa ya kutundika mapokezi.

"Sitaki mtu ndani ya picha," alimwambia Flashi. "Jengo tu. Watu wanachafua."

"Hospitali isiyo na wagonjwa," Flashi akasema. "Hiyo hata mimi ningeomba kazi."

Msimamizi hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Akiona kalamu imelala upande mezani, mkono wake uliifuata wenyewe.

Sasa hospitali huwezi kuifunga ili upige picha. Watu waliingia na kutoka pale tangu alfajiri. Lakini Flashi alikuwa na ufundi wake, na aliuita kufagia. Unaisimamisha kamera juu ya stendi, mahali pamoja, huisogezi hata unywele. Unapiga picha, unangoja, unapiga tena, hivyo hivyo asubuhi nzima. Kisha nyumbani unazipanga zote moja juu ya nyingine, na kompyuta inazilinganisha. Kinachobadilika kutoka picha hadi picha kinaondoka. Kinachokaa palepale kinabaki. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni, kijana wa magongo, muuguzi aliyechelewa zamu, wote huyeyuka, likabaki jengo na kivuli chake. Aliwahi kumweleza mumewe ufundi huo na mumewe akatikisa kichwa. Alisema kumbe mtu akitaka kukumbukwa na kamera ya mke wake, asitikisike.

Siku ya kupiga alipanda barazani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ng'ambo ya barabara, ambapo mwenye duka alimruhusu akae ilimradi asiwazuie wateja ngazi. Mumewe alikuwa ametoka nyumbani mapema, mfuko begani. Alisema anakwenda machinjioni nje ya mji kutengeneza chumba cha baridi, na kwamba atachelewa. Hakunywa chai. Flashi alimwambia, utaanguka huko na njaa yako, na yeye akaitikia kama kawaida yake.

Asubuhi nzima Flashi alitazama mistari ya jengo, vioo, mwanga ulivyoshuka ghorofa kwa ghorofa. Watu hakuwatazama. Kazi yake pale juu ilikuwa kutowaona.

Alasiri alikaa mbele ya kompyuta, akanyoosha kuta zilizoinama, akaondoa waya wa umeme uliokata anga, kisha akaanza kufagia. Alikipenda kipindi hiki kuliko vyote. Uwanja uliojaa watu ulianza kukauka mbele ya macho yake, huku akipuliza kikombe chake cha chai. Watu wakafifia, wakawa moshi, wakaondoka. Ilibaki baiskeli iliyofungwa kwenye uzio. Kilibaki kiti cha mlinzi, mlinzi mwenyewe hayupo. Na kwenye benchi, mwisho wa kulia, alibaki mtu.

"Nani huyu asiye na kazi duniani?" Flashi aliuliza kwa sauti, kwa sababu alizoea kuongea na kompyuta.

Akamvuta karibu. Uso ulikuwa umeinama chini ya kofia. Kati ya miguu yake kulikuwa na mfuko wa turubai, na ukanda wa mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu siku Flashi alipoushona uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Flashi aliutazama uzi ule. Kikombe alikiweka chini bila kuona anakiweka wapi, kikakaa ukingoni, kikaanguka, na yeye hakuinuka.

Kwanza alikasirika, kwa sababu hasira ndiyo huja haraka. Machinjioni, kumbe. Chumba cha baridi, kumbe. Akawaza wauguzi, akawaza mambo ambayo kila mke huyawaza, na kwa muda mfupi aliombea liwe hilo. Kisha akazifungua picha za asubuhi moja moja, kwa mpangilio wake.

Katika picha ya kwanza mumewe yuko kwenye benchi. Ya pili, yuko. Anayapangusa mapaja yake kwa viganja, kama mtu anayefuta jasho. Katika nyingine amesimama. Katika inayofuata yuko mbele ya mlango wa vioo, na mlango, ambao hufunguka wenyewe ukimwona mtu, umefunguka. Baada ya hapo yuko kwenye benchi tena. Alikwenda hadi mlangoni mara kadhaa asubuhi ile, na kila mara mlango ulimfungukia, na kila mara alirudi. Kompyuta ilikuwa imezifuta safari hizo zote. Ilibakiza pale alipokaa zaidi.

Hapo ndipo woga ulipomshika. Akaanza kukumbuka. Miezi hii mumewe alichovya mkate kwenye chai mpaka ukalainika. Nyama alikuwa akiisukuma pembeni ya sahani, akisema meno. Akimeza, alifumba macho kidogo. Na yeye, mwenye macho yanayolipwa kwa kuona, alimtania mezani: unakula kama bibi harusi, baba, unamwogopa nani? Akakumbuka shemeji yake, ambaye naye alianza hivyohivyo, kwa kulalamikia mkate.

Jioni Fundi Baridi alirudi, akatundika mfuko msumarini.

"Kazi imekwendaje?" Flashi aliuliza, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mashine ya zamani," mumewe akajibu. "Gesi inavuja. Nitarudi kesho."

Walikula. Flashi alitazama koo la mumewe kila tonge liliposhuka, kisha akajikuta naye anameza pamoja naye, mate matupu, kumsaidia. Maneno yalikuwa mdomoni. Angesema tu, nimekuona. Hakusema. Yeye anayeongea na sufuria, anayeongea na kompyuta, alikaa kimya kwa sababu alijua kwamba akiuliza atajibiwa. Mumewe akamtazama.

"Leo umenyamaza. Unaumwa?"

"Nimechoka," Flashi akasema. "Jua la pale barazani."

Fundi Baridi aliinamisha macho kwenye sahani. Hakuuliza baraza gani.

Asubuhi alitoka tena bila chai. Flashi alimsikia akifunga mlango polepole. Alikuwa bado kitandani, macho makavu, akijiambia atainuka amfuate, na hakuinuka. 

Simu ya msimamizi ndiyo iliyomtoa kitandani. Mchapaji anasubiri, ukuta umeshapakwa rangi, picha iko wapi?

"Iko tayari," Flashi alisema. "Kuna kitu kidogo cha kusafisha."

"Mtu?"

"Mtu."

"Basi msafishe unitumie."

Alikaa mbele ya kompyuta. Ni kazi aliyoifanya mara nyingi mno: unachukua kipande cha benchi tupu la pembeni, unakiweka juu ya mtu, unalainisha kingo. Akaanza na miguu. Vigae vikafunika viatu. Ukafuata mfuko, na uzi wa kijani ukazimika. Akafunika magoti, kifua, akafunika kofia. Benchi likabaki tupu, zege safi la kijivu, zuri kabisa. Hata kivuli alikiondoa, kwa sababu alikuwa fundi mzuri.

Kisha akaitazama picha nzima. Utupu huu alikuwa ameshauona. Aliuona siku alipomaliza picha ya shemeji, alipolifuta lile bega na kuona jinsi ukuta ulivyokaa pale bila kuonyesha kwamba mtu aliwahi kusimama. Siku ile alijisifu kimoyomoyo.  Akabonyeza kurudisha, akabonyeza tena na tena, mpaka kofia ikarudi, magoti yakarudi, uzi wa kijani ukarudi. Haikumtosha. Alipiga simu ya mumewe, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Alitoka na kanga aliyolalia, viatu vya kuogea miguuni, kompyuta wazi, hakuifunika kitambaa. Njia nzima alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba akifika benchi lisiwe tupu.

Halikuwa tupu. Fundi Baridi alikuwa amekaa mwisho wa kulia, palepale. Flashi aliketi kando yake akihema.

"Umejuaje?" mumewe akauliza.

"Uko kwenye picha."

"Picha ipi?"

"Zote. Watu wote wameondoka, umebaki wewe."

Fundi Baridi alifikiri. "Nilisahau ulikuwa na kazi hapa," akasema. "Ulinieleza, mama, nikasahau. Akili yangu haikai." Akavua kofia, akaivaa tena. "Wanataka kuniingiza mpira kooni. Una kamera mbele."

"Kamera."

"Kamera. Zamu yangu ilikuwa jana. Nikasikia mlango unafunguka, miguu ikakataa. Wakaniambia nije leo."

Flashi alitaka kulia na badala yake akacheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani. "Umelala na kamera nyumba moja miaka yote hii, baba. Leo ndiyo unaiogopa?"

"Siogopi kamera." Alisema taratibu, kama alivyosema kila kitu. "Naogopa picha itakayotoka. Yako, usipoipenda, unaifuta. Ile nani ataifuta?"

 Flashi akaushika mkono wa mumewe. Ulikuwa umelowa jasho.

"Kaka aliingia mwenyewe," Fundi Baridi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia nenda, ni jambo dogo. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikarudi kazini."

"Mimi siishii mlangoni."

"Hutaogopa?"

"Ninaogopa sasa hivi," Flashi akasema. "Naogopa mpaka miguu inaniuma. Inuka twende hivyo hivyo."

Walikwenda. Mlango wa vioo ukawafungukia, na mtu na mkewe wakapita chini ya zege lile zito wameinamisha vichwa, mmoja amevaa viatu vya kuogea.

Mchana ule, akiwa kwenye kiti cha nje ya chumba cha kamera, Flashi alimwona msimamizi wa jengo akija kwenye ukumbi, akinyoosha tangazo moja ukutani njiani. Alipomwona alishangaa mavazi yake, lakini alikuwa na lake moyoni.

"Picha, mama. Mchapaji ananipigia."

"Ina mtu."

"Tulikubaliana umfute."

"Nilimfuta," Flashi akasema, "nikamrudisha. Ni mume wangu. Yuko humo ndani sasa hivi, na mimi simfuti tena, hata ukimpa mwingine kazi."

Msimamizi alitazama mlango uliofungwa, akatazama viatu vya kuogea.  Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Amekaa vizuri?"

"Amekaa pembeni. Haharibu mstari."

"Basi mwache," akasema, akaondoka, na tangazo jingine lililopinda akalipita bila kuligusa.

Fundi Baridi alitoka akiwa na sauti iliyokwaruza. Kulikuwa na kitu humo, walimwambia. Wamekata kipande wakipime, majibu yatakuja. Kitu gani, hawakusema, na Flashi aliuliza kwa kila namna anayoijua. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha kuliko ukali.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaoongea, maana Fundi Baridi alianza kueleza mambo: kaka yake, majokofu ya zamani, wapi ameficha funguo za akiba. Hizo funguo ndizo zilizomtia Flashi baridi. Alimwambia asimweleze, atazitafuta yeye mwenyewe siku akizitaka. Alipiga pasipoti, akawaambia watu wainue kidevu, na kila kidevu kilipoinuka alilitazama koo.

Siku ya majibu walifika mapema. Picha ilikuwa imeshatundikwa, kubwa, juu ya meza ya mapokezi, na ilionekana kutoka nje kupitia vioo: jengo lote limenyooka, anga safi, uwanja mtupu, na mwisho wa benchi mtu mdogo kama punje ya maharage. Flashi aliiona akiwa bado uwanjani.  Akasema apumzike kidogo tu, afunge kiatu, akaketi kwenye benchi na kuweka mfuko wake wa mkononi chini. Kiatu hakikuwa na kamba.

Fundi Baridi alitangulia hatua chache kabla hajagundua yuko peke yake. Akageuka.

"Mama?"

"Nakuja. Tangulia."

"Ulisema huishii mlangoni."

"Nakuja, nimesema." Lakini hakuinuka. Alijua sasa kilichomo ndani ya mtu aliyekaa pale, na kwa nini mlango ukifunguka mtu hurudi. Ilimradi amekaa, hakuna lililosemwa. Ilimradi amekaa, mumewe ni mzima, amesimama kwenye vigae amevaa kofia. Angeweza kukaa asubuhi nzima. Angeweza kukaa mpaka kila mtu aingie, atoke, aende kwao.

Fundi Baridi hakumharakisha. Alitazama picha kupitia vioo, akamtazama mkewe. Ndipo Flashi alipoona amekaa wapi: mwisho wa kulia, mfuko wake kati ya miguu.

Mumewe alirudi, akamnyooshea mkono. 

"Inuka, Flashi," akasema. "Ukikaa hapo utabaki."